Zawadi ya Wazee na Sabuni ya Kampanye
Historia fupi ya franga katika uchaguzi wa kwetu, Masisi na Walikale

Utangulizi

Kila mara kampanye ya uchaguzi inapofika, kuko methali moja inayosikika kila mahali, toka soko ya Sake mpaka vijiji vya ndani kabisa: «Mukono mutupu haulambwi.» Kandida anaisema juu ya kueleza sababu gani amekuja na makatoni ya sabuni. Muchaguzi anaisema juu ya kueleza sababu gani amekwenda kwenye mukutano. Na mutu akiuliza kama ile sabuni si kununua sauti ya watu, anajibiwa haraka: «Hapana, ni desturi yetu. Mukubwa hafiki kwa watu mikono mitupu.»

Kwa kuwa kitabu chetu ni cha desturi, nimeona vizuri tupime jibu hilo. Je, zawadi ya kampanye ni mutoto wa desturi zetu kweli, ao ni mugeni aliyevaa kikwembe cha nyumbani? Nitapita kwanza katika historia, toka wakati wa wami hadi uchaguzi wa 2023, kisha nitasema mawazo yangu. Swali si la kucheza. Sisi watu wa Mubambiro tumejua kukimbia, tumejua makambi, tumejua kulala bila kujua nani anatutawala kesho. Mutu aliyepita katika hayo yote hawezi kusema kwamba uchaguzi wa kiongozi ni jambo la kipande cha sabuni.

1. Zawadi ya zamani ilikuwa ya nini

Kwa Wahunde na kwa Wanyanga, mwami hakuchaguliwa kwa kura. Aliingia kwa njia ya ukoo, na kuingia kwake kulisimamiwa na wazee wenye kulinda mambo ya kiti. Wanyanga wanawaita bakungu. Hatusemi kwamba ilikuwa demokrasia. Wanawake, vijana na wageni hawakuulizwa, na kulikuwa wami wabaya kama vile kuko wazuri. Lakini zawadi zilikuwako, na zilikuwa na kanuni zake.

Kanuni ya kwanza: zawadi ilitoka chini na kwenda juu. Mwenye kuomba udongo wa kulima alileta mbuzi na pombe. Mwindaji alipeleka sehemu ya nyama. Watu wa Bushi, kusini mwa ziwa, wana mapatano ya namna hiyo yanayoitwa kalinzi. Kisha ile mali ilirudi chini: wageni walilishwa, wenye njaa walisaidiwa, siku ya sikukuu watu wote walikula. Mwami aliyekula peke yake alisemwa vibaya hata na watoto.

Kanuni ya pili: zawadi ilitolewa mbele ya macho ya watu. Mbuzi haikuingia usiku. Wazee waliiona, walikunywa ile pombe pamoja, na kwa hiyo walikuwa mashahidi.

Kanuni ya tatu ndiyo kubwa zaidi: zawadi ilifungua deni, haikulifunga. Mwami aliyepokea mbuzi ya mutu alikuwa na deni la kumulinda yule mutu na watoto wake. Mutu naye alikuwa na deni la kumuheshimu mwami. Hakuna aliyeweza kusema: «Nimelipa, tumemalizana.»

Tena mukubwa alikaripiwa. Hadithi ya Mwindo, ambayo Candi Rureke aliisimulia huko Walikale mwaka 1956 na ambayo Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene waliichapisha mwaka 1969, inatukumbusha jambo hilo. Mwindo ni shujaa, ameshinda kila kitu, amemuua hata yule joka Kirimu. Lakini anachukuliwa mbinguni, na huko Nkuba (ndiye Radi), Mwezi na Jua wanamufundisha kwa ukali, mpaka majivuno yake yanaisha. Anaporudi ndipo anatoa sheria nzuri kwa watu wake. Wazee waliotunga hadithi ile walijua kwamba mutawala asiye na mutu wa kumukaripia ni hatari kwa kijiji kizima.

2. Chifu wa medali

Mabadiliko ya kwanza hayakuletwa na uchaguzi. Yaliletwa na medali. Kwa dekreti ya 1891, serkali ya Leopold II ilianza kutambua machifu na kuwapa medali, na dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 ikawapanga vizuri zaidi ndani ya utawala wa Wabeleji. Chifu akaanza kulipwa na serkali, kukusanya kodi na kutafuta watu wa kazi za barabara. Aliyekataa aliondolewa, na mwingine akawekwa.

Tangu siku hiyo macho ya chifu yaligeuka. Zamani aliangalia chini, kwa wale waliomuletea mbuzi. Sasa aliangalia juu, kwa yule aliyemulipa. Tukumbuke jambo hili, sababu litarudi pamoja na madepite.

3. Mwaka 1960: franga zilishindwa

Uchaguzi wa kwanza wa kuchagua bunge la inchi nzima ulifanyika Mei 1960, kwa viti 137. Kwetu Kivu, chama chenye nguvu kilikuwa CEREA ya Anicet Kashamura, kilichozaliwa Bukavu mwaka 1958, na kilipata viti 10. Sheria ya uchaguzi ya Machi 1960 iliwaruhusu kupiga kura hata watu wa Ruanda-Urundi waliokaa Kongo zaidi ya miaka 10, neno ambalo lilileta mabishano marefu Masisi.

Wakati ule pia habari za franga zilisikika. Chama cha PNP, kilichoongozwa na Paul Bolya, kilipendwa na utawala wa Wabeleji na machifu wengi. Wapinzani wakakichekelea: herufi zake wakazisoma kwa Kifaransa kuwa ni chama cha «Weusi waliolipwa», na kwa Lingala kuwa ni «pene pene na mundele», maana yake karibu na muzungu. PNP ilikuwa imefanya vizuri katika uchaguzi wa mabaraza wa Desemba 1959, lakini katika uchaguzi wa bunge, miezi michache nyuma yake, ilishindwa vibaya. Tuone basi: watu ambao wengi wao hawakujua kusoma walipokea, walisikiliza, kisha wakachagua wengine. Kwa hiyo tusiseme kwamba masikini siku zote anauza sauti yake. Mwaka 1960 alikuwa na kitu alichokitaka, nacho ni uhuru, na hakuna zawadi iliyofikia bei yake.

4. Kikwembe cha MPR

Nyuma ya vita vya Kanyarwanda hapa Masisi, na nyuma ya Mobutu kukamata utawala mwaka 1965, uchaguzi ukawa ngoma. Mwaka 1970 Mobutu alikuwa kandida peke yake. Watu walipewa kadi mbili, ya kijani kwa kusema ndiyo na nyekundu kwa kusema hapana, na kuchagua kulifanyika mbele ya watu. Nani angechukua nyekundu?

Katika miaka ile tulizoea mambo mawili. La kwanza, vikwembe vyenye picha ya kiongozi na alama ya chama, pamoja na kuimba na kucheza ili mukubwa afurahi. La pili ni wazo kwamba mukubwa ndiye anatoa, na mwananchi ndiye anashukuru. Barabara ikitengenezwa, tulimushukuru yeye, kama vile alitoa franga mufukoni mwake. Hapo ndipo ile kanuni ya kwanza ya wazee iligeuzwa kichwa chini: zawadi ikaanza kutoka juu, na watu wakasahau kwamba mali ile ilikuwa yao toka mwanzo.

5. Toka 2006: bei inapanda

Tarehe 30 Julai 2006 tulipiga kura ya vyama vingi, jambo ambalo vijana wengi hawakuwahi kuliona. Watu walipanga mustari toka usiku. Wakandida 33 walitaka kuwa rais, na zaidi ya 9,000 walitaka viti 500 vya bunge. Mwaka 2011 wale wa bunge walipita 18,000. Mwaka 2023 walipita 23,000. Hakuna kazi nyingine katika inchi yetu inayoombwa na watu wengi namna hiyo.

Dhamana nayo ilipanda. Mwaka 2006 kandida wa bunge alilipa dola 250, na yule wa urais dola 50,000. Mwaka 2023 ilikuwa franga 1,600,000 kwa kila kiti cha bunge, na franga 160,000,000 kwa urais. Mwalimu, muganga wa sentere, mukulima, wote wanabaki nje ya mulango kabla ya kusema neno moja.

Lakini dhamana ni kidogo ukiilinganisha na kampanye yenyewe. Teritware ya Walikale peke yake iko na zaidi ya kilometa mraba 23,000, na barabara zake zinajulikana. Kandida anahitaji mapikipiki, mafuta, chakula cha vijana wake, mashahidi katika kila biro ya kura. Hizo ni garama za haki na hatuwezi kumulaumu. Shida ni kwamba sheria ya 2006 iliweka dhamana bila kuweka kipimo cha juu cha matumizi. Sheria ya tarehe 10 Juni 2008 ilisema serkali itasaidia vyama kwa franga za watu wote, lakini kwa miaka mingi imebaki kwenye karatasi. Basi kila mutu anatafuta mahali anapoweza: kwa mufanyabiashara, kwa mwenye madini, kwa mukubwa wa Kinshasa. Na anayetoa hatoi bure. Siku ya kwanza bungeni, depite tayari ana mabwana, na hao si wachaguzi wake.

Kisha kuko hesabu ya viti. Katika jimbo lenye viti vingi na wakandida wengi sana, sauti zinagawanyika vipande vipande, na mutu anaweza kupita na sauti chache. Kwa hiyo haihitaji kununua teritware nzima. Inatosha kushika vijiji kadhaa, kanisa moja ao mawili, na chama cha mapikipiki.

Hesabu nyingine niliifanya na wanafunzi wangu wa mwaka wa sita. Tuseme jamaa imepewa sabuni, chumvi na kikwembe vya franga 5,000. Depite anakaa miaka mitano, ni siku 1,825. Gawanyeni. Jibu haliifikii hata franga 3 kwa siku. Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Mwanafunzi mumoja akauliza: «Lakini mwalimu, asiyetoa hata ile sabuni, tutamujua kwa nini kwamba anatupenda?» Swali lake lilikuwa la kweli. Kama miaka mitano yote hatuoni barabara wala shule, sabuni inabaki kitu kimoja tu tulichopata mukononi kutoka kwa siasa. Mutu anaichukua kwa sababu hasadiki kwamba kitu kingine kitakuja.

6. Franga, kabila na bunduki

Kwetu franga haitembei peke yake. Masisi na Walikale, swali la nani anapiga kura linagusa swali la nani ni mwenye udongo, na damu imekwisha kumwangika juu ya jambo hilo, kama mwaka 1993 wakati vita vilipoanzia soko ya Ntoto, Walikale. Kandida mwerevu analijua. Anatoa sabuni kwa mukono mumoja, na kwa mukono mwingine anatia woga: «Msiponichagua, wale wengine watatutawala.» Woga haununuliwi sokoni, kwa hiyo garama yake ni ndogo kuliko zote.

Mufano unaojulikana ni wa Ntabo Ntaberi Sheka. Alitoka kwenye biashara ya madini, akawa mukubwa wa kundi la wenye silaha huko Walikale. Mwisho wa Julai 2010, katika vijiji vya upande wa Luvungi, zaidi ya watu 300 walibakwa, na kundi lake lilikuwa kati ya walioshitakiwa. Januari 2011 amri ya kumukamata ilitolewa. Lakini Novemba ya mwaka ule ule alikuwa kandida wa bunge. Alishindwa. Mwaka 2017 alijitoa, na mwaka 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ilimuhukumu kifungo cha maisha. Namupa heshima muchaguzi wa Walikale: aliona madini, akaona bunduki, lakini hakumupa kiti.

Hapa Masisi, uchaguzi ule wa 2011 ulikuwa na fujo nyingi hata CENI ikaomba matokeo ya bunge yafutwe katika majimbo 7 ya inchi, yetu ikiwa moja. Na Desemba 2023, Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kabisa sababu ya vita. Mwaka ule hatukupata hata nafasi ya kukataa sabuni.

7. Wakubwa nao wananunuana

Tusifikiri kwamba ni masikini tu anayeuza. Madepite wa jimbo ndio wanachagua guvernere na masenatere, na wao si watu wa kukosa chumvi. Januari 2007, uchaguzi wa guvernere wa Bas-Congo ulifuatwa na malalamiko ya kwamba madepite walinunuliwa. Watu waliandamana, na zaidi ya 100 wakafa. Machi 2019, nyuma ya uchaguzi wa masenatere, malalamiko ya franga yalikuwa makubwa hata Rais Tshisekedi akatangaza tarehe 18 kwamba masenatere wasimame kwanza kabla ya kuingia kazini. Na tarehe 5 Januari 2024, CENI ilifuta wakandida 82 kwa sababu ya udanganyifu, rushwa na makosa mengine, na kufuta uchaguzi wa Masimanimba na Yakoma. Kati ya wale 82 kulikuwa mawaziri na maguvernere. Musomi ananunuliwa kwa bei kubwa, lakini ananunuliwa.

8. Takrima ya Tanzania

Ndugu zetu wa Tanzania walipita njia hii mbele yetu, tena kwa jina la desturi. Mwaka 2000 sheria yao ya uchaguzi iligeuzwa ili kuruhusu takrima, maana yake ukarimu wa kawaida ao wa kimila ambao kandida anawafanyia watu. Nani atakataa kwamba Mwafrika ni mukarimu? Lakini watu wakaona kwamba chini ya jina hilo zuri wenye franga wanafanya wanavyotaka. Chama cha kutetea haki kikapeleka neno mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikasema ile sheria inapingana na katiba, sababu inabagua kandida masikini na kuharibu uchaguzi wa haki. Mwaka 2010 wakatunga sheria ya garama za uchaguzi. Sisemi kwamba shida imekwisha kwao. Lakini waliuliza swali ambalo sisi hatujauliza: ukarimu unaokuja mwezi wa kura tu, na kwisha siku ya kura, ni ukarimu wa namna gani?

9. «Kula franga yake, vota roho yako»

Watu wa muji wanatushauri: pokeeni vitu vyao, kisha chagueni mnayemutaka. Ni shauri la akili, na mwaka 1960 lilifaa. Lakini halifiki mbali katika vijiji vyetu, na sababu yake ni nzuri: watu wetu wana adabu. Mama aliyepokea chumvi ya mutu anaona haya kumugeukia. Anasema: «Nilikula chumvi yake.» Kwake deni ni deni, hata kama hakuna aliyeona kura yake. Kandida analijua, na hapo ndipo anapotuchezea. Hanunui ubaya wetu. Anatumia wema wetu.

Na yeye, je? Yeye anahesabu kinyume. Methali inasema dawa ya deni ni kulipa, naye amekwisha kulipa. Ukimufuata Kinshasa juu ya barabara ya kijiji, moyoni anajibu: «Si niliwapa?» Mama anaendelea kujiona ana deni, na depite anaona deni lake limefungwa. Zawadi ya wazee ilifungua deni pande mbili, hii inamufunga mumoja tu. Kwa hiyo jibu la swali letu la mwanzo ni hili: sabuni ya kampanye si desturi yetu. Imechukua sura ya zawadi na kuacha kanuni zake zote tatu. Inatoka juu, mara nyingi inapita usiku, na inamaliza deni la mwenye kutawala.

Neno la mwisho

Tufanye nini siku tutakapopiga kura tena? Natoa mawazo matatu, na wasomaji wataongeza yao.

La kwanza, tugeuze zawadi irudi njia yake ya zamani. Sisi tunachanga kwa kilio, kwa ndoa, kwa mugonjwa, kwa likelemba ya kila wiki. Tunaweza pia kuchanga kidogo kidogo kwa kandida tunayemujua kuwa mwaminifu, hata kama ni kulipa dhamana yake ao mafuta ya pikipiki. Mutu aliyeingia bungeni kwa mbuzi za kijiji atajua nani ni mabwana wake.

La pili, anayetaka kutoa atoe mbele ya baraza, mchana, na wazee waandike alichotoa na alichoahidi. Kila mwaka ile karatasi isomwe mbele ya watu, yeye mwenyewe akiwapo. Asipokuja, isomwe hivyo hivyo. Huko ndiko kukaripiwa kulikomurudishia Mwindo akili yake.

La tatu ni letu sisi walimu, makateksita na wachungaji. Mara nyingi sisi ndio tunaotafutwa kwanza kugawa ile sabuni, juu watu wanatusikiliza. Tukatae kazi hiyo. Na tuwaambie akina mama waziwazi: chumvi iliyoletwa ili kukununua haina deni. Wazee waliotufundisha kuheshimu chumvi ya mutu walisema habari ya chumvi iliyotolewa kwa moyo, mbele ya watu wote. Hii nyingine muichukue kama mvua, halafu siku ya kura muchague bila haya.